Mama Mdogo na Vidonge Vyake Kabla ya Ngoma

Wewe unayenisikiliza, sogea karibu, na kabla sijaanza nikutoe wasiwasi: mama mdogo ni mzima. Jana tu kanipigia simu kutoka Kengeja kunisimanga kuwa ndizi alizoniwekea zinaiva na mimi sijaenda kuzichukua. Nakwambia mapema kwa sababu kila nikisimulia habari hii watu hunikatiza katikati na kuniuliza, "Halafu kafa?" Hakufa. Alipigiwa ngoma yake, alikunywa dawa yake ya miti, na akarudi nyumbani kwa miguu yake miwili. Ninachotaka kukueleza ni namna tulivyofika huko, maana ilikuwapo siku moja ambayo mambo yangeweza kuharibika kabisa, na yangeharibika kwa sababu ya adabu tu.

Mama mdogo ni mdogo wake marehemu mama yangu. Mimi nilifanya kazi miaka mingi kwenye dirisha la dawa la kituo cha afya Chake Chake. Nilikuwa nahesabu vidonge, navitia kwenye vipakiti, naandika juu yake, kisha namweleza mtu namna ya kuvitumia, na akishaondoka hatua tatu anarudi, namweleza tena. Sasa nimestaafu, ninakaa jirani na uwanja wa Gombani. Kila mwezi, siku moja kabla ya kliniki yake, mama mdogo hupanda gari kutoka Kengeja akaja kulala kwangu, asubuhi tukafuatana. Ana vidonge vya aina mbili: cha presha, kimoja kila asubuhi, na cha sukari, ambacho humeza akishakula. Hajui kusoma maandishi ya kwenye pakiti, lakini hakuna siku niliyomkamata na kosa. Cha presha ni kidogo na cha sukari ni kikubwa, naye hukiita hicho kikubwa "bwana harusi" kwa sababu hakimezeki mpaka watu wawe wameshakula.

Jumanne moja alifika asubuhi, akavua mtandio, akakaa kitako, na hata chai hakuingoja.

"Kesho siendi kliniki," akasema. "Nimekuja kukwambia kwa mdomo wangu, usije ukakaa kuningoja."

"Kuna nini?"

"Jumamosi n'na ngoma. Wingwi."

Nilielewa. Katika ukoo wetu wanawake wana pepo wa kurithi. Bibi alikuwa naye, na alipofariki akaja kwa mama mdogo. Kila baada ya miaka kadhaa humtaka apigiwe ngoma. Mwaka ule mama mdogo alikuwa mzito tangu mfungo wa Ramadhani umalizike: hapiki, halimi, akikaa peke yake machozi yanamtoka. Alikuwa amekwenda kwa fundi mmoja wa Wingwi, mganga mzee mwenye sifa nzuri. Fundi kampa siku saba za kujiandaa. Asile ndimu, asile pweza, asivae nguo nyeusi. Zikishatimia, siku ya ngoma yenyewe afunge tangu alfajiri, na baada ya alasiri atapewa dawa ya kunywa, kisha ngoma ianze.

Mimi sikutaka kubishana na pepo wa bibi yangu. Nilimwambia mama mdogo kuwa ni vizuri, tutakwenda pamoja, nani atapika? Akafurahi, akaanza kunipangia wali. Wakati anazungumza nikamwona anajikanda paji la uso kwa kidole gumba, anaacha, anajikanda tena.

"Kichwa kinauma?"

"Kidogo tu. Tangu juzi."

Nikaomba mkoba wake. Miaka ya dirishani hainitoki: mtu akiniambia kichwa, mkono wangu unakwenda kwenye pakiti. Karatasi ya vidonge vya presha ilikuwa na vidonge vinne zaidi ya vile vilivyotakiwa kubaki. Cha sukari vivyo hivyo.

"Mama mdogo, hivi vya Jumamosi. Hivi vya Jumapili. Jana. Leo."

"Nimeviacha," akasema, kama mtu aliyeulizwa kuhusu kitambaa cha meza.

"Fundi kakwambia uviache?"

"Fundi hajui kama navinywa. Ntamwambiaje? Nimwendee mtu wa watu, nimuombe anitibu, kumbe n'na mkono wa mtu mwengine mwilini?"

Hapo ndipo nilipoliona kosa, na ni kosa ambalo sisi wa huku tu ndio tunaweza kulifanya kwa nia njema namna ile. Kwa mafundi wa ngoma, mgonjwa hawi kwenye mikono miwili. Kama umetibiwa na fundi wa Konde, huwezi kuingia kwa fundi wa Wingwi mpaka yule wa kwanza akuachie. Unakwenda kumuaga, anakuombea dua, ndipo uko huru. Ukificha, unawadharau wote wawili. Mama mdogo alikuwa ameihesabu kliniki kuwa ni fundi mwengine. Kwenda kumuaga daktari aliona haya. Kumtaja daktari mbele ya fundi aliona ni kukosa adabu. Akajivua mwenyewe mkono wa daktari, kimya kimya, siku ile ile ya kwanza ya kujiandaa.

Nina mashine ndogo ya kupimia presha nyumbani. Nikamfunga mkanda, ikavuma, ikatulia, na namba iliyotoka ilikuwa ya juu kuliko zote nilizowahi kuziona kwake. Nikapima mkono wa pili. Vile vile.

Nikueleze nilichokiogopa, ili ujue hofu yangu haikuwa ya bure. Kidonge cha presha hakiifukuzi presha ikaondoka. Kinaishikilia, siku moja moja. Ukikiacha, presha inapanda tena, na kwa dawa nyengine inapanda kwa kishindo kuliko ilivyokuwa mwanzo. Mtu anaweza kuamka akakuta mkono haunyanyuki na mdomo umekwenda upande. Nimewaona watu wa namna hiyo wakiletwa kituoni kwa machela, na jamaa zao wakisema, "Lakini jana alikuwa mzima." Mama mdogo alikuwa amebakiwa na siku nne mpaka ngoma, na ngoma yenyewe ni kucheza kwa saa nzima juani bila ya kula kitu.

"Twende kituoni sasa hivi," nikamwambia.

"Siendi."

"Basi meza hiki kimoja."

"Simezi. Mpaka fundi aniruhusu. Na fundi simuulizi."

"Ntamuuliza mimi."

"Wewe uniaibishe?"

"Nikuaibishe ukiwa hai, mama mdogo. Haya naiweza."

Alinuna, lakini namba ya simu alinipa. Nikapiga, nikaweka spika ili asije akasema nimeongeza maneno. Akapokea mwanamke, mke wake fundi. Tukasalimiana kama inavyotakiwa, watoto, shamba, afya. Kisha nikamuulizia mzee.

"Hayupo. Kenda kliniki Wete, leo siku yake. Kenda kuchukua vidonge vyake vya presha. Akirudi ntamwambia akupigie."

Nilikata simu. Nikamwangalia mama mdogo. Mama mdogo akaangalia mkeka.

"Umesikia?"

"Nimesikia. Yeye fundi, mimi mwele. Fundi hufanya atakavyo."

Mwele ni yule anayepigiwa ngoma. Hata hapo hakukubali! Nilitaka kucheka na nilitaka kulia. Nikamkalisha kwenye baraza penye upepo, nikampa maji, nikamkataza kuinama. Saa moja na nusu ya kumngoja fundi niliihesabu dakika kwa dakika. Kila alipojikanda paji la uso nilimwambia anyanyue mikono yote miwili mbele yangu, atabasamu, aniambie jina la baba yake. Baada ya mara ya tatu akanambia, "Baba yangu ni babu yako, na wewe umeanza kuwa punguani." Maneno yalikuwa yamenyooka, nikashukuru. Nilikuwa nimeshajiwekea ahadi kuwa mkono mmoja ukilegea, gari la jirani liko pale, nambeba hata akinilaani.

Simu ikalia karibu na adhuhuri. Nikamsalimia fundi, nikamweleza kila kitu kwa utaratibu: vidonge viwili, siku nne, kichwa, mashine. Hakunikatiza. Nilipomaliza akasema, "Mpe mwenyewe simu."

"Shikamoo fundi," mama mdogo akasema, sauti imeshuka kama ya mtoto wa skuli.

"Marahaba. Nani kakuvua mkono wa daktari?"

"Mwenyewe."

"Mwenyewe. Basi wewe ndiye fundi sasa? Nije mimi unipigie ngoma?"

"Si hivyo, fundi. Niliona haya."

"Haya ya nini? Mimi n'natoka huko sasa hivi, vidonge n'navyo mfukoni. Fundi mwengine akikushika, nataka nijue, nimuombe akuachie. Daktari simuombi akuachie. Umenifahamu? Akuachie kwa nini? Mimi nacheza na pepo wako, presha yako siijui."

Kisha akataka kuzungumza na mimi tena, na sauti yake ikawa nyengine. "Mwanangu, mimi kila mtu humuuliza kwanza: umetoka kwa fundi gani? Hospitali sikuihesabu. Wangapi waliokaa kimya kama huyu, Mungu ndiye ajuaye. Kosa hilo langu." Nimesikia watu wengi wakubwa wakizungumza dirishani kwangu, lakini ni wachache waliosema neno hilo bila kulazimishwa.

Nilipogeuka, mama mdogo alikuwa ameshavitumbua vidonge vya presha kwenye kiganja. Vinne.

"Nipe maji."

"Hivi vyote?"

"Vya siku tatu na cha leo. Si lazima nilipe? Siku za Ramadhani ulizokula si unazilipa?"

Nikamshika mkono kabla haujafika mdomoni. Hili nilieleze polepole, maana siye peke yake. Wako watu wasomi wanaolifanya. Vidonge vilivyokupita havilipwi kama funga. Ukimeza vya siku nne kwa pamoja, presha inaweza kuporomoka mpaka uanguke chini, na hapo umetoka kwenye shimo hili umeingia kwenye lile. Siku iliyopita imepita. Nikampa kimoja, cha siku ile. Cha sukari nikakiacha mpaka apimwe kwanza. Akameza, akanikabidhi gilasi, akavaa mtandio.

"Haya, nipeleke kwa huyo daktari wako."

Kituoni tulipokewa na daktari kijana, mtu wa Unguja. Alipofungua mdomo tu tulimjua. Alimpima, akamlaza kitandani apumzike, akapima tena baada ya muda, ikawa imeanza kushuka. Mama mdogo alikuwa amekaza uso akingojea kugombezwa. Daktari akavuta kiti.

"Bi mkubwa, hiyo ngoma ni lini?"

Mama mdogo akanitazama mimi kwanza. "Jumamosi."

"Utakunywa nini huko?"

"Dawa ya miti."

"Miti gani? Na utakuwa umekula?"

Hakuuliza kwa kejeli. Aliandika. Tukampigia fundi tena, mzee wa watu sijui alituonaje siku ile. Alitaja mwarobaini, mlonge na mrehani. Mti wa nne akakataa kuutaja. Huo aliachiwa na babu yake, na hautajwi kwenye simu wala nje ya simu. Daktari akatueleza, na mimi nakueleza vile vile alivyosema. Mwarobaini na mlonge vinaweza kuishusha sukari. Kidonge cha mama mdogo nacho kinaishusha sukari. Njaa nayo inaishusha. Vyote vitatu vikikutana mchana mmoja ndani ya mwili wa mama wa makamo yake, anatetemeka, jasho linamtoka, anaanguka, na watu kwenye ngoma watasema pepo kapanda. Watazidisha kupiga ngoma, na yeye anahitaji chai ya sukari. Lile la mwisho lilinikaa kifuani. Mimi mwenyewe, na miaka yangu yote ya dirishani, labda ningepiga makofi pamoja nao.

"Na ule mti wa nne," daktari akasema, "siujui, kwa hiyo siwezi kukwambia ni salama kuunywa pamoja na dawa zako. Siutukani. Siujui tu."

Mama mdogo akasema, "Huyu mtoto wa Unguja ana maneno mengi, lakini hana kiburi."

Makubaliano yalichukua siku mbili za simu. Daktari alitaka wiki moja ili presha itulie. Fundi akaisogeza ngoma Jumamosi ya mbele yake. Mama mdogo akalalamika kuwa mchele alishanunua, nikamwambia mchele hauozi kwa wiki. Daktari alitaka mgonjwa asifunge. Fundi akasema kufunga ni kwa ajili ya mwenye afya, hata dini inamruhusu mgonjwa kula, pepo ni nani asiruhusu. Kidonge cha presha ataendelea nacho kila asubuhi, siku ya ngoma pia. Cha sukari daktari akamwandikia namna ya kukitumia siku ile kulingana na chakula atakachokula. Dawa ya kunywa iwe kidogo, kikombe cha kahawa kimoja badala ya bakuli. Ikabaki ule mti wa nne.

"Basi huo ataoga nao," fundi akasema. "Kuoga kuna ubaya?"

Nikamuuliza daktari. Daktari akauliza kama mama mdogo ana kidonda au mchubuko. Hana. Akasema maji yasiwe ya moto sana, na ngozi ikiwasha aache. Na siri ya babu ikabaki kwa wenyewe.

Jumamosi ilipofika, presha ilikuwa imekaa sawa siku tano mfululizo. Wingwi tulifika asubuhi, tumetikisika njia nzima mpaka vifuniko vya sufuria vimegeuka. Mama mdogo alikula uji, na saa sita akala muhogo na samaki mbele ya wanawake waliokuja kuitikia nyimbo.

"Mwele gani huyu anakula kuliko wapiga ngoma?" mmoja akauliza.

"Pepo wake wa siku hizi, hapandi na njaa," mwengine akajibu, wakacheka, na mama mdogo akaongeza kipande kingine cha samaki ili kuwakera.

Baada ya alasiri alioga kwa maji ya ule mti, akavishwa kanga nyeupe, akafukizwa ubani, akanywa kikombe chake kidogo na kukunja uso. Ngoma zikaanza. Yaliyotokea humo si yangu kuyasimulia. Nitakwambia tu kwamba alicheza, alilia kilio kirefu ambacho nadhani kilikuwa kikimngoja tangu zamani, na jua lilipoanza kulainika alikaa kwenye mkeka, amelowa jasho, akaniita kwa jina langu, akaomba maji. Alinitambua. Mikono yote miwili ilishika gilasi. Nikamfunga mkanda wa mashine hapo hapo mbele ya watu, na namba ilipotokea nilifumba macho kwanza, halafu nikaisoma mara ya pili kwa sauti. Iko sawa! Nikampima na sukari kwenye ncha ya kidole. Iko sawa. Nikakaa chini kando yake.

Fundi alikuwa amesimama karibu, jasho linamtiririka. Akavuta kiti, akapandisha mkono wa kanzu, akaninyooshea.

"Na mimi nipime. Asubuhi nimemeza, lakini leo nimepiga ngoma kuliko umri wangu."

Yake ilikuwa juu kidogo. Nikamwambia apumzike na apunguze chumvi, na mkewe kutoka jikoni akapiga kelele, "Mwambie tena! Mwambie kwa nguvu!"

Siku hizi mama mdogo anapika na analima. Ukimuuliza nani kampa nafuu, atakwambia fundi, ukimbana atakwambia daktari, ukizidi atakufukuza. Mimi sijali jibu. Mwanamke mmoja wa Kengeja aliyekwenda kwa fundi mwezi uliopita kanihadithia kwamba swali la kwanza aliloulizwa lilikuwa la vidonge, na alipojibu kuwa anavyo nyumbani, alirudishwa akavichukue. Nilifurahi siku nzima.

Kwa hiyo nawe, ukiwa na ngoma, kombe la maandishi ya dua, au dawa yoyote ya miti unayokusudia kunywa, fanya hivi. Wiki mbili kabla, nenda kwa aliyekuandikia vidonge, mwambie siku, mwambie miti unayoijua na ile usiyoijua, mwambie kama utafunga, na usiache wala kuongeza hata kidonge kimoja mpaka akujibu. Kisha mpelekee jibu hilo fundi wako kabla hajachemsha kitu.